Mawe Tuliyolibebea Daraja

Daraja letu lilifungwa siku ya soko, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Mvua za Elnino zilikuwa zimepungua wiki iliyotangulia. Pikapu iliyokuwa ikituchukua na mizigo yetu kila Ijumaa kwenda Machakos mjini ilisimama ghafla mtoni, dereva akatoa kichwa nje, akasema, "Asi! Nini hii tena?"

Mbele yetu kulikuwa na mapipa sita yaliyojazwa zege, yamepangwa kukata barabara, na katikati yake mawe makubwa. Mwanamume aliyevaa kofia ngumu ya manjano alikuwa akipaka rangi kwenye kibao. Mama aliteremka akamwendea. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikamfuata nyuma.

"Mnafunga mpaka lini?" Mama akamuuliza.

"Nguzo ya katikati imepasuka, mama. Miezi mitatu tu. Ikizidi sana, minne."

"Na watu?"

"Watu watapita kwa miguu. Ni gari tu zimekatazwa."

Mama alihesabu kwa vidole: mwezi huu, ujao, ule mwingine. Akarudi kwa wenzake akiwa ametulia. "Nyanya za msimu ujao zitakuta wamefungua," akawaambia. Tukashusha mizigo, tukavuka kwa miguu, na ng'ambo tukatafuta gari lingine. Siku hiyo tuliona kama mchezo. Wanawake walicheka wakikanyaga katikati ya daraja, mahali ambapo kwa kawaida gari lilikuwa likipita nasi mbio.

Miezi mitatu ikapita, kisha minne. Mwaka ukaisha. Rangi ya kile kibao ilibabuka kwa jua hata ukiwa umesimama mbele yake huwezi kusoma kimeandikwa nini.

Kutoka kwetu hadi mtoni ni mwendo wa saa moja ukiwa huna mzigo. Pikapu ile iliacha kuja, kwa sababu haikuwa na haja ya kushuka mpaka mtoni na kugeuza. Malori ya kununua nyanya yaliyotoka Nairobi yalikuja mara moja, yakaona mapipa, yakaenda kununua kwa wengine. Msimu ule mbuzi wetu walikula nyanya mpaka wakazikataa.

Jumapili baada ya ibada, watu walisimama nje ya kanisa wakizungumzia daraja hadi watoto wakaanza kulia njaa. Kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliamini barua. Aliandika kila mwezi kwa mwandiko wake mzuri wa mteremko, akatusomea kabla ya kutuma, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Hii hawawezi kuinyamazia." Wakainyamazia. Jirani yetu aliyekuwa na punda wawili na mkokoteni alisema tunaharakisha bure. "Hii daraja ikianguka na watu wenu, si mtalia? Wacha wataalamu wafanye kazi yao." Watu walitazamana, maana mkokoteni wake ndio uliokuwa ukibeba magunia yote ya kijiji kwenda mtoni, na hakuwa na siku ya kupumzika.

Susu, nyanya mmoja wa jirani ambaye watoto wote wa kwetu tulimwita hivyo, alikuwa mkali kuliko wote. Alipokuwa msichana, wakati wa mzungu, alikuwa amechukuliwa kwa nguvu pamoja na wenzake kubeba mawe ya kujengea daraja hilo hilo. "Nililibebea mawe kwa kiboko," alisema. "Sasa ni letu na tumenyimwa. Tofauti iko wapi?"

Mama alikuwa hasemi sana. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kikundi cha wanawake waliosaidiana kulima, kuchimba mitaro na kubeba maji, lakini kwenye mikutano alipenda kusikiliza. Kilichombadilisha ni msiba wa mke wa jirani mwingine. Mimba yake ilikuwa imefika, uchungu ukamshika asubuhi, na mwenye punda akamwekea godoro kwenye mkokoteni. Mama, aliyekuwa amewazalisha wengi kijijini, alikwenda naye, amemshika mkono. Walipofika kwenye mapipa ikabidi wamshushe ili wamvushe kwa miguu, kwani mkokoteni haukuweza kupenya, na hapo ndipo alipojifungua, amelala juu ya leso tatu katikati ya barabara. Mtoto hakulia. Mama alirudi mchana amemfunga mtoto katika leso yake mwenyewe.

Ndipo mjomba akaja.

Lazima nieleze mjomba alikuwa nani kwetu. Alikuwa ndugu pekee wa mama. Mama yao alifariki huko kwao Kalama mjomba akiwa bado ananyonya, na mama, aliyekuwa darasa la nne, akaacha shule ili amlee. Alimbeba mgongoni akichunga, akamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akampeleka shule siku ya kwanza kana kwamba ni wake. Mjomba alisoma mpaka kidato cha nne, akawa karani wa kontrakta mmoja mjini. Alipokuja kwetu hakumwita mama dada. Alimwita "mwaitu," yaani mama yangu, na mama alipoitwa hivyo uso wake ulilainika ukawa wa msichana.

Siku hiyo alikuja na viatu vilivyojaa vumbi na habari njema. Kontrakta wake, alisema, ndiye aliyepewa kazi ya daraja letu. Simenti iko. Vyuma viko. Kilichobaki ni wananchi watoe mchango wao: mawe na mchanga.

"Mkileta, mashine zinaanza mara moja," akasema. "Lakini wekeni ng'ambo, upande wa mjini, mahali lori zinaweza kufika."

Mwalimu mstaafu akauliza kama kuna barua yoyote kutoka ofisini. Mjomba akacheka kwa upole. "Mwalimu, wewe umeandika barua ngapi? Hizo zimeleta nini?" Watu wakacheka, hata mwalimu mwenyewe.

Mama akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama katikati ya watu hivyo. "Mtoto aliyefia pale kwa mapipa nilimshika kwa hii mikono," akasema. "Kama ni mawe tu wanataka, sisi tuko na mawe."

Tukaanza Jumanne iliyofuata. Wanawake walipasua miamba kwa nyundo kwenye korongo lililo juu ya mto, wakapakia kwenye vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka, wakaweka kamba kwenye paji la uso, wakateremka nayo na kulivuka daraja lile lile lililosemekana halifai. Mimi na wasichana wenzangu tulikwenda Jumamosi. Nakumbuka ile ganzi iliyokuwa inaingia shingoni ukishusha mzigo, kana kwamba kichwa si chako. Vijiji jirani vilijiunga nasi, na kila kijiji kilitia alama mawe yake ili kusiwe na uvivu. Sisi tulitumia bluu ya kufulia nguo: nukta tatu kwa kila jiwe kubwa. Hata Susu alikuja. Alikuwa ameapa hatabeba tena, lakini alikuja na kikapu cha kokoto, akavuka daraja polepole, akamwaga, akasema, "Haya, hizi sijapigwa."

Mjomba alikuja mara nyingi. Alileta soda siku za joto kali, akavua koti, akabeba mawe mawili matatu na kuimba na wanawake. Walimpenda. Waliniambia mimi nina bahati kuwa na mjomba kama huyo, na mimi niliona hivyo pia.

Katika mwezi wa tatu wa kubeba, marundo yakiwa yamefika juu ya vichwa vyetu, alikuja na karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa, na chini yake nafasi za sahihi. "Kontrakta hawezi kugusa mali ya watu bila karatasi," akaeleza. "Mwenyekiti atie sahihi na wanakamati wenzake."

Mama akaitazama, akaigeuza. Kisha akanipa. "Soma, utueleze."

Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilisimama juu ya rundo la mchanga, wanawake wote wakanitazama, na mjomba akaweka mkono begani mwangu. "Soma, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye mwenye shule hapa."

Nikasoma kwa sauti, sentensi moja kwa Kiingereza, halafu kwa Kikamba. Kwamba kikundi hiki kimekusanya mawe na mchanga. Sawa. Kwamba kinayakabidhi kwa kampuni. Sawa. Halafu kukawa na mstari mrefu wenye maneno mawili ambayo sikuwahi kuyaona. Nikakwama. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwomba mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameketi hatua kumi tu kutoka pale. Lakini wanawake walikuwa wananitazama kwa fahari, mkono wa mjomba ulikuwa begani, nami sikutaka kuwa mtu asiyejua. Nikaruka mstari ule, nikasema, "Kwa ajili ya kujenga daraja." Neno daraja halikuwepo popote kwenye karatasi ile. Hilo nililiona, na nikalisema hata hivyo.

Mama akatia sahihi kwa herufi kubwa, akikaza kalamu. Wengine wakaweka vidole gumba.

Malori yalikuja Jumatatu. Tuliyasikia kabla hatujayaona, na wanawake wakakimbia kutoka korongoni hadi mtoni wakipiga vigelegele. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, kwa hivyo nilikuwepo. Mjomba alikuwa amesimama juu ya lori la kwanza. Akatangaza kwamba mawe yanapelekwa kwanza kwenye mashine ya kusaga, yatarudi yakiwa kokoto safi. Tukasaidia kupakia. Nataka lieleweke hilo: hakuna aliyetuibia tukiwa tumelala. Tulipanga mstari kutoka kwenye rundo hadi kwenye lori, tukapeana mawe mkono kwa mkono tukiimba, siku tatu mfululizo, mpaka mahali pale pakabaki pamefagiliwa.

Tukangoja. Kila aliyetoka mjini aliulizwa kama ameona mashine. Wiki ya sita mama akasema, "Ijumaa hatutauza kitu, tutamtafuta mjomba wako."

Hatukuhitaji kutafuta sana. Karibu na mjini, kando ya lami, kulikuwa kunajengwa maduka, safu nzima, kuta zikiwa zimefika madirishani. Mama alipita, akasimama, akarudi nyuma. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukuta. Nukta tatu za bluu. Jiwe la juu yake nukta tatu. Mengine yalikuwa na misalaba ya kijiji cha jirani. Niliona mama akigusa jiwe moja baada ya jingine mpaka mwisho wa ukuta, na fundi aliyekuwa juu ya jukwaa akamuuliza kama anatafuta kazi.

Mjomba alitoka kwenye kibanda cha mabati akiwa na kalamu sikioni. Alipotuona alisita kidogo, kisha akaja na tabasamu.

"Mwaitu, mbona hukuniambia unakuja?"

"Hii ni nini?"

"Daraja haiko kwa orodha ya mwaka huu. Wameiondoa. Sasa mawe yangekaa pale yafanye nini?"

"Ulijua wakati gani?"

Akatazama barabarani. "Mambo ya ofisi hubadilika."

"Nimekuuliza ulijua wakati gani. Kabla ya karatasi ama baada?"

Akakwepa kwa maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Karatasi ilisema kampuni itumie inavyoona inafaa. Mlisomewa. Huyu hapa si ndiye alisoma?" Akanionyesha kwa kidevu.

Mama hakunitazama. Alimtazama yeye kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta alama aliyoijua usoni pa mtoto. Kisha akanishika mkono tukaondoka.

Alikusanya wanawake Jumapili akawaambia yote, isipokuwa jambo moja. Hakusema lolote juu yangu. Alisema yeye ndiye aliyewaamini watu wake na kutia sahihi. Basi hasira ilipotafuta pa kukaa ikakaa juu yake. Mmoja akasema damu ni damu, hawezi kuwa hakujua. Mwingine akauliza soda zile zote zilikuwa zikilipwa na nani. Walimtoa kwenye uenyekiti siku hiyo hiyo. Kanisani benchi letu likawa na nafasi. Siku yetu ya kulima ilipofika, mwethya haukuja, na mama akalima peke yake na mimi. Susu alikuja kuketi ukingoni mwa shamba, mzee asiyeweza tena kushika jembe, akatuongelesha mambo mengine kabisa: mafua ya kuku, ndoto zake. Mwalimu mstaafu naye aliendelea na barua zake, ingawa hakutusomea tena.

Mimi ningeweza kusema, "Ni mimi niliyeruka mstari." Sentensi moja tu. Nilikaa nayo mwaka wa kwanza, nikakaa nayo wa pili. Nilimwona mama yangu akipitwa njiani na wanawake aliowazalisha, nikanyamaza. Mjomba alitusaliti mara moja. Mimi nilifanya hivyo kila asubuhi.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati shule yetu ya sekondari ilipofanya harambee ya kuchangisha pesa na wageni wakubwa wakaalikwa. Asubuhi ya siku hiyo wafanyakazi walikuja mtoni, wakatumia trekta kusukuma mapipa kando. Saa nne magari yakaanza kuvuka. Si madogo. Magari makubwa meusi, basi la kwaya, lori la hema na viti. Tulisimama kando ya barabara tukitazama daraja letu lililopasuka likiyabeba moja baada ya jingine bila kutetemeka. Hakuna aliyekuwa amepeleka hata jiwe moja kwenye ile nguzo.

"Kumbe linabeba," Susu akasema.

Kule shuleni hotuba zilisemwa. Watu wa kwetu hawakwenda kuzisikiliza. Walibaki mtoni, wengi zaidi kuliko nilivyowahi kuona siku ya kubeba mawe. Saa kumi gari la mwisho lilivuka kurudi mjini, na wafanyakazi wakawasha trekta ili warudishe mapipa.

Mama aliingia barabarani akaketi chini. Aliketi kama anavyoketi mtu anayechambua mbaazi, miguu ameinyoosha, leso ameifunga vizuri. Msimamizi wa wafanyakazi akaja.

"Mama, tafadhali ondoka. Mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa. Mwambie aliyekutuma aje."

"Daraja ni hatari."

"Ilikuwa hatari asubuhi?"

Msimamizi akakuna shingo. Hapo mke wa jirani, yule aliyempoteza mtoto pale pale, akaja akaketi karibu na mama. Alikuwa hajaongea naye tangu siku ya kuondolewa uenyekiti. Akaja wa tatu, wakaja wengine, mpaka barabara ikajaa. Mwenye punda naye akaleta mkokoteni wake akauweka katikati, na mpaka leo sijui ni nini kilichombadilisha. Jua lilikuwa bado juu wakati trekta lilipogeuza na kwenda zake. Mapipa yalibaki kwenye mtaro. Hayakurudishwa.

Daraja halikutengenezwa. Lilifunguliwa tu, na ufa wake, na pikapu zilipofika pale wanawake walishuka, wakavuka kwa miguu, gari likavuka tupu, wakapanda tena ng'ambo. Mama alirudi kwenye mwethya bila mtu kumwomba radhi, naye hakudai.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya kushona katika kiwanda kimoja cha nguo za kuuzwa nje ya nchi, kule EPZ, Athi River. Nilikuwa narudi nyumbani mwisho wa mwezi. Katika mojawapo ya safari hizo, tukiwa tunapukuchua mahindi nje ya jikoni, nilimwambia mama. Nilisema haraka, macho kwenye gunzi. Kwamba sikujua yale maneno. Kwamba niliruka. Kwamba neno daraja halikuwepo.

Mikono yake haikusimama. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ulifika pale ukameza mate. Mimi nilikuzaa. Nilijua kuna kitu hujaelewa."

"Na mbona ulitia sahihi?"

Akatupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi lingine. "Alikuwa ameweka mkono kwa bega yako. Kama ningekwambia urudie, ningekuwa nasema mbele ya watu kwamba simwamini. Yeye nilimpa maziwa kwa kijiko." "Nilitaka iwe kweli."

Nilitarajia kupata nafuu. Sikupata. Niliona tu kwamba alikuwa amebeba mzigo wake na wangu miaka yote hiyo, na kwamba nami nilikuwa nimemwacha aubebe. Mjomba alikuwa amefungua duka la simenti na mabati katika ile safu ya kando ya lami. Alituma salamu kila Krismasi. Mama alipopelekewa salamu alisema asante, akauliza kama watoto wake ni wazima, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia.

Daraja jipya lilijengwa baada ya serikali kubadilika, na watu wengine kabisa, kwa mawe kutoka mbali. Siku ya kulizindua kulikuwa na hema na kipaza sauti. Mshereheshaji, kijana mchangamfu aliyevaa tai, alisema sasa tunawakaribisha akina mama wa hapa watuimbie wimbo wa furaha kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Wanawake wa mwethya wakaja mbele, wamevaa sare, mama akiwa wa pili kutoka kushoto. Wakasimama mstari.

Hawakuimba. Sidhani walikuwa wamekubaliana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Mshereheshaji akacheka, akasema akina mama leo wana haya, akajaribu kuwaanzishia mwenyewe. Wakamtazama tu. Mgeni akapiga makofi kidogo, akakata utepe, akapigwa picha. Wanawake wakarudi kuchukua vikapu vyao, wakapanda mlima kwenda nyumbani, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na wengi walikuwa bado hawajapanda mbegu.